Samaki Ana Jina, Uyoga Hauna: Maneno ya Jikoni na ya Tiba Pembezoni mwa Dar es Salaam



Natambua kwamba baadhi yenu mlipoona tangazo la mhadhara huu mlidhani pametokea kosa la uchapaji. Mhadhara wa taaluma za Kiswahili hutarajiwa uzungumzie utenzi, riwaya au ngeli za majina. Uyoga huachiwa wenzetu wa sayansi. Ngeli zitakuja, msiwe na wasiwasi. Lakini ninaomba tuanzie sokoni.

Mtu akifika soko la samaki la Feri alfajiri hatasikia neno samaki mara nyingi. Atasikia changu, kibua, nguru, kolekole, chewa, taa, dagaa. Mchuuzi anayetangaza kwamba anauza "samaki" tu angechekwa na wenzake. Mtu huyo huyo akipanda daladala kuelekea Tandika au Mbagala wakati wa masika, na akabahatika kumkuta mama aliyepanga mafungu ya uyoga juu ya gunia, amwulize: "Mama, huu ni uyoga gani?" Jibu ninalolipata mimi, kila mara, ni hili: "Uyoga wa kula, mwanangu." Nikiendelea kuuliza, naambiwa ni mtamu.

Tofauti hiyo ndiyo mada yangu ya leo. Lugha yetu ilizaliwa pwani, nayo imewataja viumbe wa baharini mmoja mmoja. Hata samaki mwenye sumu ana jina lake mwenyewe: bunju. (Wakazi wa Bunju ya Kinondoni watanisamehe, ninasema habari za samaki, si za kata.) Jina hilo ni onyo linalotangulia mlo. Mtoto wa mvuvi akilisikia hahitaji kuonja ili ajue. Uyoga wenye sumu, kwa upande wake, huitwa "uyoga wa sumu" au "uyoga mbaya", na hayo si majina bali ni hukumu zinazotolewa baada ya tukio. Hayamsaidii mtu aliyeushika mkononi akijiuliza autie chunguni au autupe.

Sasa ngeli. Neno uyoga ni la ukoo wa kale wa Kibantu. Wabemba wa Zambia husema ubowa, Wachewa bowa, Washona howa. Katika lugha nyingi za jamaa zetu neno hili limo katika ngeli ya kumi na nne, ambayo katika Kiswahili imeungana na ya kumi na moja chini ya kiambishi u-. Tutazame majirani wake wa mezani: unga, uji, ugali, udaga. Ni vitu vinavyochotwa, havihesabiwi. Mpishi hasemi "nipe uyoga saba"; husema "nipe uyoga", kama anavyosema "nipe unga". Sidai kwamba ngeli ndiyo inayotufanya tusiutofautishe uyoga. Dai la namna hiyo lingekuwa jepesi mno, na Wabemba, ambao neno lao limo katika ngeli hiyo hiyo, wangelikanusha mara moja, kwani wana majina mengi ya aina mbalimbali. Mojawapo, kabansa, lilichukuliwa na wanasayansi na kutiwa katika Kilatini: uyoga unaojulikana kitaalamu kama Lactarius kabansus ulipewa jina hilo mwaka 1980. Ninachosema ni kwamba sarufi haitulazimishi kutofautisha, na sisi tumeridhika na uhuru huo.

Hapana budi tuseme pia kwamba pwani yenyewe si nchi ya uyoga kwa kiasi cha bara. Uyoga mwingi unaoliwa nchini mwetu huota katika misitu ya miyombo, ambako nyuzi zake huungana na mizizi ya miti na kubadilishana nayo chakula. Misitu hiyo imeenea Tabora, Kigoma, Iringa, Ruvuma na kwingineko. Aina nyingine, ile kubwa inayotoka kwenye vichuguu, huoteshwa na mchwa wenyewe. Mchwa hawawezi kusaga ugumu wa mti peke yao. Huuleta chini ya ardhi, hupanda kuvu juu yake, na mvua za kwanza zikinyesha kuvu hiyo hutoa kichwa juu kwa mzizi mrefu. Ushirika huo una umri wa takriban miaka milioni 30. Kule Zambia aina moja, Termitomyces titanicus, hufikia upana wa mita moja, hata mtoto aweza kujikinga nayo mvua.

Elimu ya aina hizi imehifadhiwa katika lugha zetu za makabila, na kwa bahati njema baadhi yake imeandikwa. Marja Härkönen na wenzake kutoka Finland, wakishirikiana na mtaalamu wetu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leonard Mwasumbi, walitoa mwaka 1994 kitabu cha uyoga unaolika Tanzania, na mwaka 2003 kitabu kikubwa zaidi chenye aina zinazolika na zenye madhara. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa, wa chuo hicho hicho, alichapisha utafiti kuhusu namna jamii zilizo kando ya Ngorongoro na Serengeti zinavyouainisha uyoga. Wakurya walionekana kuupenda na kuujua, Wamaasai kuukwepa. Kazi zote hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Majina ya kienyeji yamo, majina ya Kilatini yamo. Kiswahili, lugha ambayo mjukuu wa mchumaji anaizungumza leo, kimerukwa.

Niruhusuni nitoe kisa cha nyumbani. Shangazi yangu alizaliwa Songea, akahamia Mbagala akiwa mke wa dereva wa lori. Kwao uyoga ulichumwa na wanawake na watoto, na msichana alijifunza majina akiwa amebeba kikapu. Mbagala hakukuwa na miyombo. Palikuwa na minazi, mikorosho na nyumba zilizoongezeka kila mwaka. Kiswahili tuna msemo kwamba kitu "kimeota kama uyoga", nao husemwa kwa dharau kidogo, juu ya vyuo, vyama na nyumba zisizo na mpango. Shangazi hakuupenda msemo huo. Alisema uyoga hauoti ghafla. Ni sisi tu tunaochelewa kuuona. Alikuwa sahihi kisayansi: kabla ya kichwa kutokeza, nyuzi zimekwisha kufanya kazi ardhini kwa majuma, pengine kwa miaka.

Masika moja, wajukuu zake na watoto wa jirani waliokota uyoga mweupe, mkubwa kama sahani, kwenye nyasi za uwanja wa nyumba iliyokuwa ikijengwa. Shangazi alipinduapindua mmoja, akatazama chini ya kofia, akautupa. Alitaja jina lake kwa lugha ya kwao. Jirani, mwenyeji wa Rufiji, alicheka na kusema, "Dada, uyoga ni uyoga," akaenda kuupika kwa nazi. Usiku familia nzima ilitapika na kuhara. Walipona wote, na Shangazi hakuwahi kuwasimanga. Lakini aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mimi nilimwambia. Hakunisikia kwa sababu nilimwambia kwa Kingoni."

Kwa maelezo yake ya baadaye, matamvua ya uyoga ule yalikuwa na rangi ya majani mabichi kwa mbali. Dalili hiyo inalingana na aina iitwayo Chlorophyllum molybdites, inayopenda nyasi za bustani na viwanja katika nchi zote za joto, na ambayo kwa umbo yaweza kumhadaa mtu aliyezoea uyoga wa kichuguu. Nimetumia neno matamvua kwa makusudi. Ni neno la samaki, nalo linaufaa uyoga barabara: yale mapande membamba yaliyopangika chini ya kofia. Wavuvi wametuazima neno. Hakuna sababu ya kuunda jingine.

Wanafunzi walio hapa wazijue pia habari za hatari kubwa kuliko hiyo. Sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu kwa kawaida haiui. Ya kuogopwa ni ile inayokaa kimya saa sita hadi ishirini na nne. Baadhi ya jamii za Amanita zina sumu hiyo: mgonjwa huharisha, kisha hupata nafuu, ndugu wakashukuru, na siku ya pili au ya tatu ini huanza kufa. Kuchemsha hakuiondoi. Kukausha hakuiondoi. Na vipimo vya mitaani vyote ni vya uongo: kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, kwamba sarafu ya fedha chunguni hubadilika rangi, kwamba kitunguu saumu huonyesha sumu. Konokono ana ini lake, nasi tuna letu. Aliyekula uyoga asioujua na kuanza kuumwa apelekwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, hata kama yametoka jalalani.

Ninageukia sasa upande wa tiba, na hapa neno linalotutatiza ni dawa. Kiswahili kinalitumia kwa upana wa ajabu: dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi. Mzee wa Goba akisema "uyoga ni dawa" huenda anamaanisha kwamba mtu aliyetoka kuugua, ambaye nyama inamkinai, huweza kunywa mchuzi wa uyoga na kupata nguvu. Dai hilo ni la haki. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Sehemu iliyobaki ina protini, vitamini za kundi B, potasiamu na nyuzinyuzi, na mafuta yake ni kidogo. Ukianikwa juani hutengeneza vitamini D, kwa kuwa kuvu ina kemikali iitwayo egosteroli inayogeuzwa na mwanga wa jua. Mama aliyeanika uyoga juu ya ungo hakuijua egosteroli, lakini alifanya inavyotakiwa. Vivyo hivyo desturi ya kupaka jeraha unga wa ule uyoga wa mviringo unaofuka vumbi ukikanyagwa, ili kuzuia damu, inajulikana Afrika na Ulaya pia, kwani vumbi kavu hunyonya na kugandisha.

Tatizo huanza neno hili hili linapohamia kwenye kibandiko cha kopo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma, kama zoezi la kiisimu, maneno yaliyoandikwa kwenye unga wa uyoga na kahawa za uyoga zinazouzwa mitaani, mkononi kwa mkono, toka Sinza hadi Chang'ombe. Vitenzi vyake vinafuata daraja. Mwanzo huwekwa husaidia, kitenzi kisichoweza kushitakiwa. Kisha hupunguza. Kisha huondoa. Muuzaji akianza kuzungumza, bila maandishi, hufika kwenye hutibu na huponya. Kati ya maandishi na mazungumzo kuna neno tibalishe, lililounganishwa kwa ustadi mkubwa: nusu yake ya kwanza huahidi hospitali, nusu ya pili huahidi jikoni, na muuzaji akibanwa upande mmoja hukimbilia wa pili.

Kuna pia hesabu ya protini. "Uyoga una protini kuliko nyama" ni sentensi ninayoisikia hata kwa wahitimu. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini ya gramu tatu hivi. Uzito huo huo wa nyama ya ng'ombe una zaidi ya gramu ishirini. Uyoga mkavu ndio unaofikia asilimia 20 hadi 30, na hakuna anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja. Kivumishi kimoja, mkavu, kimeangushwa njiani, na sentensi imegeuka kuwa uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Ushahidi wa kitabibu upo, nao unastahili kusemwa kwa vipimo vyake. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bangladesh ambapo wagonjwa 89 wa kisukari walifuatiliwa kwa siku 24: walikula uyoga siku saba, wakaacha siku saba, wakaurudia siku saba. Sukari ya damu ilishuka walipoula na kupanda walipoacha. Ni habari njema, lakini ni ya majuma matatu tu. Japani iliruhusu dawa itokanayo na uyoga uitwao Trametes versicolor mwaka 1977, na nyingine itokanayo na shitake mwaka 1985, zote zikitolewa sambamba na matibabu mengine ya saratani, si badala yake. Kuhusu ule uyoga mwekundu, mgumu kama mbao, ambao Wachina huuita lingzhi na ambao ndio umo katika kahawa nyingi za mitaani kwetu, mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015 na 2016 hayakuona ushahidi wa kutosha kuutumia kama tiba ya kwanza ya saratani, wala kuupendekeza kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ili kukinga moyo.

Ninamjua mtu, tulisali pamoja, aliyeacha vidonge vya kisukari kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba uyoga wake "unaenda kwenye chanzo". Alipoteza mguu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ipo, na Baraza lake lipo. Lakini sheria husoma kibandiko, haisikii barazani. Hapa ndipo mwanaisimu anapoweza kuwa na kazi. Mfamasia atapima unga. Nani atapima kitenzi?

Nisieleweke kwamba nawabeza wanaolima uyoga. Kinyume chake, ni kwao ndiko nilikokuta Kiswahili cha uyoga kikizaliwa upya. Katika Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizomegwa humo katikati ya miaka ya 2010, kuna vibanda vya uyoga nyuma ya nyumba, kwa kuwa kilimo hiki hakihitaji ardhi kubwa. Majani makavu ya mpunga hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa, hupozwa, kisha hushindiliwa katika mifuko kwa tabaka pamoja na mbegu. Mifuko hukaa chumba cha giza majuma mawili au matatu mpaka iwe myeupe yote, ndipo huhamishiwa chumba cha mwanga na kumwagiliwa. Joto la Dar es Salaam hushindwa kwa mchanga uliolowa sakafuni na magunia mabichi ukutani. Wataalamu wa chuo kikuu chetu wamejaribu pia mabaki ya mkonge, na mwaka 2008 Anthony Mshandete na mwenzake walichapisha matokeo ya kuotesha juu yake aina tatu za uyoga wa porini wa hapa nchini.

Mkulima huziita mbegu, na mwanabayolojia hulalamika kwamba kuvu haina mbegu: kile ni nafaka iliyotambaliwa na nyuzi. Mimi nipo upande wa mkulima. Mbegu ni kile unachopanda. Ule uyoga wenyewe, mweupe au wa kijivu, unaoota kama tabaka za masikio, wakulima wengi huuita mamama. Kitaalamu ni Pleurotus. Waingereza huufananisha na chaza, na nimeona mwanafunzi mmoja akitafsiri "uyoga chaza" kwa uaminifu mkubwa na bila kuuliza mtu yeyote wa Chamazi. Mamama ni neno lililokwisha kupatikana, linatamkika, na wanaolitumia wanaelewana. Jambo moja tu ningependa wakulima wapate neno lake mapema: vumbi jeupe linalotolewa na mamama iliyochelewa kuvunwa. Likivutwa kila siku katika chumba kilichofungwa huleta kikohozi na homa ya mapafu isiyo ya vijidudu. Wengi hudhani wamepata mafua. Tuliite vumbi la uyoga, tuvae barakoa, na tuvune kabla kingo za kofia hazijapinduka juu.

Katika kamusi, kwa hiyo, ninaona kazi tatu au nne, nazo si sawa kwa uzito. Fasili tuliyoizoea, kwamba uyoga ni mmea wenye umbo la mwavuli, irekebishwe: si mmea, ni kuvu, na tangu mwaka 1969 Whittaker alipopendekeza milki tano za viumbe, kuvu ina milki yake. Wala si wote wenye mwavuli. Maneno kuvu, ukungu na koga yapangwe vizuri, maana leo yanapishana ovyo, na ukungu una mzigo wa pili wa hali ya hewa. Kufanana kwa sauti kati ya koga na uyoga kusimshawishi mtu aandike etimolojia. Sauti mbili kufanana si ushahidi wa undugu. Mamama ipewe kidahizo chake.

Kazi kubwa ni ile ya majina ya porini, nayo haitafanywa na kamati mezani. Waganda wana ukoo mzima, wa Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga; huko jina la uyoga ni jina la watu, na haliwezi kupotea. Sisi majina yetu yamo vinywani mwa wanawake wa umri wa Shangazi, Mbagala, Goba, Toangoma, Kimara, na wajukuu wao hawaulizi. Kiswahili kiyachukue kama kilivyochukua maneno mengine kutoka Kinyamwezi, Kingoni au Kihehe, bila kuona haya. Yakigongana, tuchague, ugomvi wa majina mawili ni afadhali kuliko ukimya.

Ninawaomba basi wanafunzi mnaokwenda likizo kipindi cha mvua: ulizeni, andikeni jina pamoja na lugha na mahali, na mulete uyoga wenyewe. Ukateni kofia, muilaze juu ya karatasi nyeupe usiku kucha matamvua yakiwa chini, ili vumbi lake liache rangi; rangi hiyo, nyeupe, ya waridi, kahawia au kijani, huwasaidia wenzetu wa botania kuutambua. Ukausheni, mviringishe katika gazeti. Msiutie kwenye mfuko wa nailoni. Mwaka jana kijana mmoja alinifikishia majina kumi na moja mazuri sana, na pamoja nayo uji mweusi ambao hakuna aliyeweza kuutambua.